Hukumu ya Muhula wa Kwanza

Baba aliugua akiwa ameulizwa swali, na hilo ndilo lililomponza. Angeanguka bafuni, au kwenye foleni ya benki kule Nyamagana, tungemlilia kama watu wanavyoliliwa. Lakini Mama alikuwa amesimama mbele yake sebuleni, ameshika simu ya Baba, ameshausoma ujumbe uliotoka Misungwi. Akauliza, "Sabina ni nani?" Baba akafungua mdomo ajibu, mdomo ukaenda upande, akadondoka pamoja na kiti chake.

Hospitali walisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kuburuta, maneno yakakatika. Baada ya wiki tatu tulimrudisha nyumbani Nyegezi, hapa Mwanza. Mama alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani, na kila alipomgeuza alimkazia macho.

"Mguu naukubali," aliniambia jikoni. "Mkono naukubali. Huo ulimi ndio siuelewi. Umepooza pale pale nilipouliza? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu naona anaficha uzima."

Mama yangu, Bernadetta, ametoka Kagera na ana akili ya hakimu. Mimi ni Hellen, mtoto wake wa pekee, na wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nikisomea tiba ya usemi na lugha. Katika ukoo wetu hakuna aliyejua hiyo ni kazi gani. Wapo waliodhani nitakuwa mtangazaji wa redio. Mama aliwajibu kwa kifupi kwamba nasomea makoo, na hakukosea sana, maana muhula wa kwanza tulisoma koo tupu. Tulinunua makoromeo ya ng'ombe buchani, tukayapasua juu ya meza, tukazitafuta nyuzi mbili za sauti. Tulifundishwa kwamba mtu hawezi kukohoa kwa nguvu kama nyuzi hizo hazifungi sawasawa. Tulikariri misuli ya ulimi, mmoja mmoja. Nilipata alama tisini na moja, kichwa kikavimba.

"Basi mchunguze," Mama akasema. "Kama anaumwa, niambie nimuuguze kwa roho moja. Kama anajificha, niambie pia. Nimechoka kumlisha mtu huku namshuku."

Ningeweza kukataa. Mwanafunzi wa miezi minne ana uchunguzi gani? Lakini mama yangu alikuwa ananiita mtaalamu kwa mara ya kwanza, na mimi napenda sifa.

Nilianza kesho yake asubuhi, kwa ujanja wa askari kanzu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," akajibu. Neno zima, safi, kama miaka yote.

Niliganda mlangoni. "Umelalaje?"

Akafungua mdomo. Akahangaika, akatoa "pe... pe...", akafumba macho. Mtu gani huyu, nikawaza, ana neno la kupokea heshima lakini hana neno la kujibu swali?

Nikamulika mdomoni kwa tochi ya simu. Ulimi ulitoka, ukaenda huku na huku, kwa uvivu kidogo tu. Alipopiga mwayo kilimi cha kooni kilipanda vizuri. Alimeza maji bila kupaliwa. Tena alikohoa, kikohozi chenye mlio, cha afisa mifugo aliyefokea ng'ombe wa watu miaka thelathini. Nyuzi zilikuwa zinafunga. Niliyaandika yote kwenye daftari na kuyapigia mstari. Mchana nilimchungulia kwenye upenyo wa mlango. Alikuwa peke yake, ameugeukia ukuta, anachezesha midomo: "pe... pe... pe..." Nikajua anafanya mazoezi ya ugonjwa wake.

Jumamosi jumuiya ilisali kwetu. Tulimkalisha Baba kwenye kochi, tukamvika rozari mkononi. Jirani yetu Prudencia akaongoza Salamu Maria, na sisi tukaitikia. Katikati ya fungu la kwanza nikasikia sauti nyingine ndani ya sauti zetu, nzito, isiyokosea hata neno moja. Alikuwa Baba. Alisali toka "Maria Mtakatifu" mpaka "Amina", akasali tena, na tena. Prudencia alisahau kuhesabu shanga. Mama alilaza rozari yake mapajani na hakuinyanyua tena.

Watu walipoondoka, Prudencia akabaki kwa kisingizio cha kukusanya vikombe. Mama akanigeukia mbele ya Baba. "Wewe ndiye msomi. Sema."

"Koo la Baba ni zima," nikasema. "Ulimi ni mzima. Akitaka kusema, atasema."

"Njia ya mwongo fupi," Mama akasema.

Baba aliniangalia. Machozi yakamtoka, na mimi nikayaona ni machozi ya mtu aliyekamatwa. Sikujisikia vibaya hata kidogo, na hili naliandika nikijua linavyonionyesha.

Mama hakumnyima chakula, sitamsingizia. Ila alihamia chumbani kwangu. Kikombe cha chai alikiweka kwenye kimeza ambako mkono mzima wa Baba haufiki, akamwambia, "Itaje." Baba alihangaika na "pe... pe..." zake mpaka jasho likamtoka na chai ikapoa, ndipo Mama akamsogezea bila kumtazama. Prudencia alizungusha mtaani habari za mzee Kahigwa anayesema na Mungu lakini hasemi na mkewe. Wageni wakapotea. Na kila jioni, kabla ya kulala, Mama alisimama mlangoni pa chumba alichokuwa akilala na mumewe na kuuliza lile lile: "Sabina ni nani?" Miezi miwili.

Muhula wa pili tulianza ubongo.

Mwalimu wetu Mihayo ni Msukuma mpole, hana haraka. Siku ya tatu alituonyesha video ya bibi mmoja aliyewahi kupata kiharusi. Akionyeshwa kijiko, bibi alishindwa kukitaja, akahangaika na silabi moja mpaka akalia. Lakini alisalimiwa akaitikia. Alihesabu moja mpaka kumi. Aliimba wimbo wa kanisani beti zote.

"Salamu, sala, nyimbo, hata matusi, vitu mtu alivyovizoea maisha yake yote, vina njia yake kichwani," Mwalimu Mihayo alisema. "Neno unalolitafuta mwenyewe ili umjibu mtu lina njia nyingine. Hiyo ndiyo iliyokatika. Koo halina kosa lolote. Na wengi wao wanaelewa kila mnachosema."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, akiwa peke yake je? Akiwa anajisemea silabi ile ile?"

"Anajaribu," akasema. "Anajaribu mkiwa hampo, ili asiaibike mbele yenu."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Kipindi kilipoisha nilimfuata, nikamweleza yote, hata alama zangu tisini na moja. Hakunifokea, na ilikuwa afadhali angenifokea. Alisema mzee apewe njia nyingine ya kujibu: karatasi mbili, moja ya ndiyo na moja ya hapana, aguse kwa mkono mzima. "Lakini kwanza muulize mambo ambayo majibu yake unayajua. Wapo wanaochanganya ndiyo na hapana bila kukusudia. Ukikuta anachanganya, usimwamini jibu lolote."

Jioni ile nilipiga magoti kando ya kitanda. "Baba, nilikosea. Unaumwa kweli. Nilikuita mwongo na wewe ulikuwa unajaribu." Nikamshika mkono. Akauvuta. Sikumlaumu.

Mama naye nilimweleza yote aliyosema Mwalimu Mihayo, hata habari ya wanaochanganya; alinisikiliza amesimama, kanga mkononi, mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo jioni zote zile..."

"Alikuwa anataka kukujibu, Mama."

Alikwenda jikoni, akarudi na chai ya moto, akamshikisha Baba kikombe mkononi. Akangoja mpaka kikaisha. Kisha nikaweka karatasi mbili mapajani mwa Baba na kuanza. Jina lako ni Pius? Akagusa hapana. Kahigwa? Ndiyo. Umezaliwa Mwanza? Hapana. Mimi ni mtoto wa kiume? Hapana, na kwa mara ya kwanza toka augue nikaona upande mmoja wa mdomo ukicheka. Maswali kumi, kumi yote akapata.

"Naweza kumuuliza na mimi?" Mama akasema, na sauti ilikuwa ndogo.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Ilibidi alipange upya lile swali lake, kwa kuwa lilivyokuwa halijibiki kwa karatasi.

"Sabina ni mwanamke wako?"

Mkono wa Baba ulikaa hewani. Hapana ilikuwa karibu na vidole kuliko ndiyo. Mimi ndiye niliyeziweka. Akaupitisha mkono juu yake, akagusa ndiyo, akauacha pale pale.

Kisha Mama akanigeukia, na macho yale ya hakimu hayakuwepo. "Umesema wapo wanaochanganya," akaniambia. "Huo ugonjwa. Umesema anaweza kugusa hivi na alikuwa anataka kusema vile. Si ndivyo?"

Alikuwa ananiomba. Neno langu moja lingemrudishia mume wake, na yeye angeliamini, kama alivyoliamini lile la kwanza. Nilimtazama Baba nione kama naye ananiomba. Hakuwa ananiomba. Alikuwa anangoja tu, na mkono haukuhama kwenye karatasi.

"Wapo wanaochanganya, Mama," nikasema. "Baba hachanganyi."

Mama alifuta uso kwa kanga yake, mara moja, kwa nguvu. Akazisogeza karatasi zikae vizuri mbele ya mkono wa mumewe.

"Tupishe," akaniambia.

Nikatoka, nikarudishia mlango. Nikiwa ukumbini niliisikia sauti yake ikiuliza, halafu kiganja kikigusa karatasi, halafu Mama akiuliza tena. Waliongea hivyo mpaka maharage yakaungua jikoni.