Barua ya Yassini kwa Tajiri Wake

Ndugu yangu Yassini ni dereva hodari, ila tumbo lake ndilo linalomwongoza. Jumamosi aliacha lori la kakao pale Mulekera bila mlinzi, akaenda kula pilau ya harusi. Aliporudi, magunia kumi na mawili hayakuwapo. Tajiri wake aliyeko Kampala akataka maelezo kwa Kiingereza. Mzigo ukaniangukia mimi, dada yake Rachida, mwalimu wa Kiingereza hapa Beni.

"Yaya, unaandika tu balininyanganya," akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Stolen ni mali iliyochukuliwa mwenyewe hayupo au hana habari. Robbed ni mtu aliyenyang'anywa uso kwa uso, kwa nguvu au kwa vitisho. Tukiandika la kwanza, dereva ni mzembe na kazi imekwisha. Tukiandika la pili, dereva ni wa kupewa pole.

"Donc ni robbed. Niko na batoto bane, yaya."

Hasira ilinipanda. Kwenye barabara hiyohiyo, miaka miwili iliyopita, mume wangu Bilali aliuawa na watu wenye silaha. Yassini ndiye aliyemwosha, na ndiye aliyezungumza na dereva aliyekuwa na Bilali akanusurika. Leo anataka kuvaa msiba wa shemeji yake kama koti la kuazima. Lakini wale watoto wanne ni damu yangu, na shule inafunguliwa wiki ijayo. Nikachukua kalamu.

"Tajiri atauliza ilikuwa namna gani," nikasema. "Sema, niandike."

Akaanza polepole, kisha maneno yakawa yanakuja yenyewe. "Balikuwa batu bane. Balitoka mu mashamba ya kakao. Balisema hapana kupiga kelele. Balimufunga mikono nyuma na kamba ya mbuzi. Akabaomba mayi ya kunywa, lakini..."

Kalamu yangu ikasimama.

"Balifunga nani, Yassini?"

Miaka yote miwili alikuwa akiniapia kwamba ilikuwa risasi moja, kwamba Bilali hakusikia lolote. Kwa kiapo hicho nilikuwa ninapata usingizi.

Nikaandika stolen, nikatia nukta, nikaisukuma karatasi mbele yake. Hakubisha.

"Sasa uniambie ya Bilali," nikasema. "Ile mayi, balimupatia?"