Mlango wa Mbuzi kwenye Pisini ya Mama Suzanne

Nani alimwambia marehemu Gérard kwamba Bunia ilikosa pisini ya kuogelea? Mtu ameuza dhahabu yake, amejenga nyumba nzuri pale Nyakasanza, si angetulia? Hapana. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, akalipaka rangi ya buluu, akaita watu waje wamtazame akielea tumbo juu. Papa Adolphe, mtu wa asiransi, yaani bima, aliikagua nyumba yote akaisifu, lakini alipofika kwenye maji akatikisa kichwa.

"Pisini bila lupango, bila mulango wa kujifunga wenyewe, siye hatuandike. Mutoto akizama, asiransi haitakujua."

Gérard alicheka mpaka machozi. Yeye na mkewe Suzanne hawakuwa na mtoto, sasa azame nani?

Haya, Gérard akafariki, vita vikaingia mjini, na watoto wakajaa uwanja mzima. Familia zilizokimbia kutoka Djugu zilikuja asubuhi moja na masufuria na magodoro yao, na Suzanne hakuwa na moyo wa kuzifukuza. Mabomba ya mji yalikuwa yamekauka. Mvua iliijaza pisini, na maji hayo ndiyo watu waliyofulia, wakayachemsha wakapikia. Huwezi kuyamwaga.

Lakini Suzanne hakulala. Mwaka ule wa 2003, mtoto akifa katika maji ya mtu wa kabila lingine, nani angesema ni ajali? Wangesema mwenye nyumba amemtupa. Vijana wangekuja na petroli siku ileile, na wote waliojificha mle wangeteketea. Aliyemtia hofu zaidi ni Gracieuse, binti wa Bernadette, mmoja wa wakimbizi wale, mtoto aliyeanza kukimbia kabla hajajua kutembea vizuri, na akiona maji anacheka peke yake.

Wakasuka lupango wa matete kuzunguka pisini, mrefu na imara. Suzanne akaweka mlango wa bati, akavaa ufunguo shingoni; asubuhi anafungua, na kila anayepita aurudishe nyuma yake. Upuuzi mtupu! Mwanamke ana beseni la maji kichwani, mkono mmoja unalishika, mwingine una ndoo. Mlango ataufunga na nini, na meno? Kila alipopita, Suzanne aliukuta wazi, umezuiwa na bidoni ya maji. Anafoka, wanaomba radhi, kesho bidoni iko palepale.

"Munataka tukufe wote?" akapiga kelele siku moja.

"Usikasirike, Mama Suzanne," Bernadette akamjibu. "Siye tunajua hatari. Lakini mikono iko mbili tu."

Suzanne akakaa ukingoni, hasira zikamwisha. Kwao Kpandroma baba yake alifuga mbuzi, jambo ambalo tangu aolewe mjini hakumwambia mtu. Mama yake alikuwa akitoka bustani ya mboga na mzigo kichwani, wala hakuna mbuzi aliyepenya ndani. Mlango ulifunguka upande wa nje tu, na kamba yenye jiwe iliuvuta ujifunge. Ukitoka unausukuma kwa kiuno, jiwe linaurudisha, pu! Ukiingia, mikono mitupu, unauvuta kwa kitanzi kilichofungwa juu ambako mbuzi hafiki.

Akaling'oa bati mbele ya wote. Mke wa tajiri wa dhahabu, anaweka mlango wa mbuzi kwenye pisini! Walicheka, naye akacheka kuliko wote.

Basi asubuhi moja risasi zikaanza karibu kabisa. Watu wakajirusha ndani ya nyumba, wakalala sakafuni. Halafu Bernadette akainuka. "Gracieuse! Mutoto wangu iko wapi?"

Suzanne alikuwa ameshatoka. Risasi zinapita juu ya mabati, yeye anakimbia ameinama, kitenge mkononi, akiomba: Ee Mungu, si katika maji yangu. Kwenye lupango kimya.

Kisha akasikia kilio, tena si cha uchungu, ni cha hasira! Gracieuse alikuwa nje ya mlango, mkavu, ameuegemea kwa paji la uso, anasukuma kama mwana-mbuzi, anamlaani kila mtu kwa lugha yake ya kitoto. Mlango haukusogea hata kidogo. Suzanne akamnyakua, akamtia kwapani, akarudi mbio. Mle ndani, wanawake walipiga vigelegele vikazidi bunduki, na Bernadette akawakumbatia wote wawili akilia.

Bunduki zilipotulia, nani anaingia na godoro kichwani? Papa Adolphe, ofisi yake imeporwa, anatafuta pa kulala. Suzanne akamwonyesha kazi yake. Papa akausukuma mlango, wapi! Akauvuta kwa kitanzi, akauachia, pu!

"Mama, sasa ningekuandika," akasema taratibu. "Ila asiransi yenyewe haiko tena."

"Ya kwangu iko," Suzanne akasema, akamwonyesha Gracieuse aliyekuwa amerudi kuusukuma mlango. "Mutazame vile analia. Karibu, papa, weka godoro yako pale."