Mafuta Marefu

Anayeingia ukumbini kwetu mara ya kwanza huona mbao zinazong'aa na pini kumi zimesimama kule mwisho, akadhani kazi ni kutupa tu. Nilikuwa namwacha adhani. Nilikuwa nakaa kaunta, nikigawa viatu vya kukodi, na nilijifunza mapema kwamba ukimweleza mtu jambo ambalo hakuuliza atakuona unajidai. Lakini bolingi yenyewe iko kwenye mafuta. Njia ya tufe hupakwa mafuta kuanzia mstari wa kurushia hadi mahali fulani, kisha sehemu iliyobaki huachwa kavu. Juu ya mafuta tufe huteleza. Likifika pakavu hushika mbao, hukata kona na kuingia katikati ya pini. Macho hayayaoni mafuta hayo. Unayajua kwa mwendo wa tufe, na ukichelewa kuyajua umekwisha.

Aliyekuwa anayapaka ni mume wangu. Ukumbi mzima ulimwita Fundi, nami nikamwita hivyo hivyo hata nyumbani, kwa sababu ndilo jina nililomkuta nalo. Kila asubuhi aliisukuma mashine yake kutoka njia hadi njia, polepole, uso umetulia, na baada ya hapo hakuna aliyejua kilichoko juu ya mbao zile isipokuwa yeye. Ndiye pia aliyetoboa matundu ya vidole kwenye matufe yangu. Alivipima vidole vyangu kwa ajili ya tufe kabla hajavipima kwa ajili ya pete, na siku ya harusi marafiki zake walitutania kwa hilo mpaka mama yangu akaomba aeleweshwe utani wenyewe.

Nilikuwa na matufe mawili. Moja nililiita Mkorofi. Lilisuguliwa kwa msasa mpaka likapoteza mng'ao wote, likawa linang'ata mbao hata palipojaa mafuta. Ukilirusha kwenye njia kavu linakata kona mapema mno, linaishia pembeni na kukutia aibu. La pili lilikuwa Mpole, laini, limepigwa polishi. Mpole halina haraka. Linateleza taratibu, na likipata pakavu pa kutosha mwishoni linageuka ghafla na kuzisambaratisha pini. Kwa mafuta ya kila siku ya ukumbi wetu, Mpole ndilo lililonipa jina. Kwa mafuta marefu, yale yanayosogezwa hadi karibu na pini, tufe kama Mpole halina tofauti na tikiti maji.

Mwaka ule tajiri mmoja alikuwa amefungua ukumbi mpya katika mji mwingine, mbali, safari ya kutwa nzima. Alitangaza kwamba bingwa wa mashindano yetu atapewa kazi ya kufundisha kule, na nyumba ya kukaa. Wakati huo tulikuwa tumebaki wawili wa kucheza fainali, mimi na Kinyozi. Kinyozi alikuwa rafiki wa Fundi, mwenye kibanda chake mkabala na ukumbi, mtu wa maneno mengi na mkono mzito. Tufe lake lilikuwa limefifia kama sufuria kuukuu, na alilirusha polepole kana kwamba analionea huruma. Kwenye mafuta ya kawaida nilikuwa namshinda nikiwa hata sijatoa jasho.

Nilitaka kushinda, na nilitaka vibaya. Miaka yote ile watu walinisogezea viatu vyao vyenye jasho bila kuniangalia usoni. Nilitaka siku moja waniangalie. Lakini kazi ile sikuitaka. Niliamua siku ileile ya tangazo kwamba nikiitwa mbele nitamshukuru tajiri, halafu nitasema nabaki hapa na mume wangu. Nilishayapanga hata maneno. Nilimpenda Fundi, nilipenda chumba chetu chenye harufu ya mafuta ya mashine, na sikuona mji wowote wa kunipa zaidi ya hapo.

Yeye sikumwambia. Nilikuwa nasubiri aseme. Nilitaka kusikia neno moja tu, usiende, ili nimjibu kwamba siendi. Nilipomletea habari za tangazo alikuwa anakunja taulo zake. Akasema, "Hongera. Ni nafasi nzuri hiyo." Akaendelea kukunja. Nikasimama pale mlangoni kama niliyesahau kitu, kisha nikaenda kuosha vyombo.

Wiki ya fainali akaja na Mkorofi mkononi.

"Hili tundu la kidole gumba lina ufa," aliniambia. "Litakuchana. Acha nilizibe, nitoboe upya."

"Litawahi fainali?"

"Gundi ile inachukua muda kukauka. Lakini unalitakia nini? Mafuta ni yaleyale ya siku zote. Wewe nenda na Mpole."

Jioni ile alikaa kwenye kigoda akaling'arisha Mpole kwa mikono yake mwenyewe, anapaka polishi, anafuta, analigeuza kwenye mwanga, anapaka tena. Sijawahi kuliona linang'aa vile. Nilimpikia chakula anachokipenda, nikamwambia asante mume wangu. Hadi leo natamani ningeirudisha ile asante.

Siku ya fainali ukumbi ulifurika. Wifi yangu, dada yake Fundi, alikuja na shoga zake wakakaa mstari wa mbele. Kwa desturi ya ukumbi wetu, wachezaji wa fainali hupasha misuli kwenye njia ya jirani, ili njia yenyewe ya fainali isiguswe. Nikapasha. Mpole lilikuwa linateleza, linageuka, linavunja. Nikajiambia leo Kinyozi atanikoma.

Kabla hatujaanza, meneja alisimama akasema kuna watu wananung'unika kwamba anayepaka mafuta ni mume wa mchezaji. Fundi akainuka. Si mtu wa kusema mbele za watu, na alitazama viatu vyake muda wote.

"Njia ni moja na mafuta ni mamoja," alisema. "Atakayecheza vizuri ndiye atakayeshinda. Mke wangu hana cha kupendelewa."

Watu wakapiga makofi. Wifi yangu akawageukia shoga zake, akawaambia kaka yake ni mtu wa haki, hajui kupindisha mambo.

Nikarusha. Mpole likaondoka vizuri, likafika pale linapogeukia siku zote, na halikugeuka. Likaenda limenyooka, likazigonga pini kwa ubavu, zikabaki mbili zimesimama huku na huku kama meno ya kizee. Nikafikiri ni mkono wangu. Nikarusha tena, nikaongeza mzunguko wa vidole, likateleza tena. Nikasogea kushoto, nikapunguza kasi. Lile tufe likawa kama mtu unayemwita naye anapita zake. Wakati huo Kinyozi alikuwa analirusha sufuria lake taratibu, linang'ata, linakata, zinaanguka zote, naye anajishangaa mwenyewe.

Duru ya kwanza, kati ya tatu, ilipoisha nilikuwa nimeshindwa vibaya. Nikachukua taulo nilifute Mpole. Kila tufe linalorudi huwa na pete za mafuta, alama za mizunguko yake, na mchezaji anayejua kusoma hizo pete anaijua njia nzima. Kwenye mafuta ya kawaida pete zangu zilikuwa chache, nyembamba. Sasa tufe lote lilikuwa limeloa kama limetolewa kwenye ndoo. Taulo ikaja na mafuta hadi kwenye kiganja. Mafuta yalikuwa yamevutwa mpaka karibu na pini, na mimi nimepewa tufe lililopigwa polishi, na lile moja ambalo lingeniokoa limezibwa tundu liko kwenye karakana yake.

Nikainua macho kumtafuta. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa nyuma. Zamu ilikuwa ya Kinyozi, tufe liko njiani, na ukumbi mzima ulikuwa unalifuata kwa macho. Fundi alikuwa ananiangalia mimi.

Nilicheza. Nisingeondoka mbele ya watu wale. Niliacha habari za kona, nikawa napitisha Mpole ukingoni kabisa, karibu na mfereji wa pembeni, limenyooka, jinsi wanavyorusha watoto wasiojua mchezo. Si bolingi ya kujivunia, ila pini zinaanguka. Duru ya pili nikaishinda kwa tabu. Ya tatu tukaenda bega kwa bega hadi mrusho wa mwisho, na kwenye mrusho ule nilihitaji zianguke zote. Ilibaki moja. Iliyumba, nikaiona inainama, kisha ikasimama wima.

Kinyozi alinikumbatia akiwa analia na kucheka. "Shemeji, sijui hata nimefanyaje," alisema. "Leo Mpole kakususa kweli." Meneja akamwita Fundi mbele akampa mkono, akasema ukumbi una bahati kuwa na mtu mwaminifu kiasi hiki. Wifi yangu akanishika bega akasema mwanamume mwingine angembeba mke wake, basi nami nijivunie. Nikamwambia, "Najivunia, wifi."

Watu walipoondoka nilimkuta anasafisha ile njia. Alizima mashine aliponiona.

"Umeyavuta mpaka wapi?" nilimuuliza.

Hakujifanya haelewi, na hilo namshukuru. "Mpaka kule. Yamebaki kidogo kufika kwenye pini."

"Na Mkorofi?"

"Halina ufa." Alikuwa anajifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Ungeondoka, mke wangu. Nilikuwa silali. Nikifumba macho naona begi lako mlangoni."

"Kwa nini hukuniambia nibaki?"

"Ningekuambiaje? Umepata nafasi, halafu mimi nikuzuie? Watu wangeniona mtu gani? Hata wewe ungenilaumu maisha yako yote." Akaiweka taulo juu ya mashine. "Hivi umeshindwa tu. Mtu akishindwa hamlaumu yeyote."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wachezaji, bado nimevaa viatu vya mchezo. Nilijisikia nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa na hasira, ndiyo, lakini zaidi nilikuwa nasikia uchungu wa kumhurumia, na huruma ile ilinikera kuliko hasira yenyewe. Nikamwambia ukweli. Nilimwambia kwamba nilishaamua kubaki tangu siku ya tangazo, kwamba nilitaka kushinda tu na kuikataa kazi mbele ya wote, na kwamba wiki zote zile nilikuwa namsubiri afungue mdomo.

Alikaa kwenye ukingo wa njia, hapo hapo kwenye mbao asizoruhusu mtu kukanyaga. Nilidhani analia. Nilijiandaa kumwona analia, na labda kama angelia ningemsogelea, sijui. Kisha akainua uso, na uso umekunjuka wote.

"Kwa hiyo ungebaki?"

"Ningebaki."

"Hata ungeshinda?"

"Hata ningeshinda."

Akashusha pumzi ndefu, akatabasamu kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa. "Basi hakuna kilichoharibika," alisema. "Si umebaki?"

Alikuwa hajitetei wala hanidhihaki. Alifurahi kweli, kwa moyo mweupe, akaniuliza kama nina njaa. Akainuka akawasha mashine, akaendelea kufuta mafuta yake kwenye ile njia, na nikamsikia anapiga mluzi.

Kinyozi alifunga kibanda chake mwisho wa mwezi, akaenda kufundisha kwenye mji ule. Nasikia alipita kaunta kuniaga akakuta viatu vinagawiwa na mtu mwingine, maana mimi nilikuwa nimeshachukua begi langu na kumwacha Fundi kabla yake.