Impala Iliyowekeshwa Gehandu

Halfani Adamu alikuwa na mdomo, na watu wa Katesh waliujua mdomo wake kabla ya kulijua duka lake la vipuri. Alitia chumvi kwenye kila habari aliyoigusa. Lakini jambo moja hakulitia hata punje, na ndilo hilo watu walilokataa kumwamini. Alisema marehemu baba yake, Mzee Adamu, Mrangi aliyekuja kutoka Kondoa na mzigo wa vitenge na viberiti, aliwahi kuendesha Chevrolet Impala ya mwaka sitini na mbili. Ilikuwa ya buluu, paa jeupe, na taa sita za nyuma, tatu kila upande.

Ubishi huo ulikuwa na makao yake, nayo ni kundi la WhatsApp lililoitwa Vyuma vya Marekani Manyara. Wanachama walikuwa arobaini na kitu, wengi wao wanaume wa makamo ambao hawajawahi kumiliki hata pikipiki, ila kumbukumbu wanazo tele. Mmoja aliiona Dodge ya wamisionari ikivutwa na ng'ombe karibu na Dongobesh. Mwingine alipakiwa nyuma ya Ford ya mlowezi wa ngano, akala vumbi mpaka Mbulu, na hadi leo analisimulia vumbi lile utadhani ni harusi yake. Mwingine aliapa kwamba Hirbadaw kuna Jeep ambayo kuku wanatagia. Walitumiana picha, wakabishana silinda ni sita au nane, wakatukanana, na asubuhi wakaanza upya.

Msimamizi wa kundi alikuwa Farouk, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Dongobesh, mtu wa dharau aliyevaa miwani ya kusomea hata akiwa hasomi. Mwaka huu alianzisha orodha. Kila gari la Kimarekani lililowahi kuishi Mbulu na Hanang lingeandikwa aina yake, mwaka wake na jina la mwenyewe, kisha orodha ichapwe kwenye bango kubwa na kutundikwa Katesh siku ya mkutano wa kundi. Sheria yake ilikuwa moja: gari lisilo na picha, wala kipande, wala shahidi aliye hai asiye ndugu wa mwenye gari, haliandikwi.

Halfani hakuwa na chochote kati ya hivyo. Picha zililiwa na mchwa. Na baba yake hakuacha nyumba wala kiwanja. Alifunga duka mwaka themanini na tatu, wakati wa msako wa walanguzi, akafa miaka mitano baadaye akiuza mafuta ya taa kwa chupa kando ya soko. Hivyo ndivyo Katesh ilivyomkumbuka, kama ilimkumbuka. Halfani alitaka jina la baba yake liandikwe mahali pamoja tu, juu ya kitu kizuri, watu wapite walisome. Alilitaka hilo mpaka likamkosesha usingizi.

Farouk alimjibu mbele ya kundi zima kwamba huyo impala labda ni yule swala aliyemwona Tarangire, akila majani. Watu walicheka siku tatu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alijua gari lilikokwenda. Msako ulipopamba moto, Mzee Adamu aliliendesha hadi Gehandu akaliacha kwa Mzee Margwe, mkulima wa Kiiraqw aliyekuwa tayari anamtunzia ng'ombe watano. Halfani wakati huo alikuwa Tanga akijifunza kunyoosha bodi za magari, kazi aliyoifungulia gereji Katesh kabla ya kuwa na duka. Aliporudi, baba akiwa ameshazikwa, aliambiwa na wajomba kwamba gari limeliwa na Margwe, na akaamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi kuliko kwenda kuuliza. Hakwenda Gehandu hata mara moja. Alisema hawezi kwenda kuomba mali ya baba yake. Badala yake aliwachukia akina Margwe kwa karibu miaka arobaini bila kupumzika. Hakuwauzia hata boliti. Modest, mtoto wa yule mzee, akiingia dukani, Halfani alimwambia hakuna, hata kama kitu chenyewe kilikuwa kinaning'inia juu ya kichwa chake.

Kisha Doto akatuma picha. Doto alikuwa mnunuzi wa kondoo, mwanachama mkimya asiyemkera mtu, na alikuwa amepita Gehandu kutafuta kondoo. Picha ilionyesha ukuta wa zizi wa udongo, na ndani ya udongo vioo vitatu vyekundu, vya duara, vimepangwa mstari. Doto aliuliza kwa unyenyekevu kama kuna anayevitambua.

Halfani alivitambua kabla picha haijafunguka vizuri. Furaha na hasira vilimpanda kwa pamoja, na kama kawaida yake alichagua hasira. Aliandika kwenye kundi kwamba hizo ni taa za Impala ya Mzee Adamu, na kwamba Margwe wa Gehandu alikuwa mwizi, akafa mwizi, na kizazi chake kinaishi ndani ya mali ya wizi. Mpwa wa Modest alikuwamo kundini. Kabla ya saa sita mchana maneno yale yalikuwa yamefika Gehandu.

Jumamosi walikwenda watatu kwa Land Cruiser ya Doto. Farouk alikuja kama shahidi, na alikuja kwa hamu, kwa kuwa kwake, akiaibika Halfani au akiaibika Modest, siku ingekuwa imelipa. Njiani aliyezungumza ni Halfani tu. Walipofika kwenye korongo chini ya boma walivuka daraja fupi la vyuma na magogo, wakasimama mbele ya zizi.

Modest Margwe alikuwa anawangoja, amekunja mikono. Mama yake, Philomena, mwanamke wa miaka themanini na zaidi, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Doto alimwamkia shikamoo, Farouk naye, na akawaitikia. Halfani alimpita kama vile kigoda kilikuwa kitupu, akaenda moja kwa moja ukutani na kuzipapasa zile taa.

"Gari liko wapi?" aliuliza.

Modest alimwambia amwamkie mama kwanza. Halfani alijibu kwamba hakuja kuamkiana na watu waliomfilisi baba yake. Modest akapiga hatua mbele, Doto akaingia kati akiwa ameinua viganja, akiwasihi wakumbuke umri wao. Farouk alirekebisha miwani.

"Unataka gari," alisema Modest, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ilivyotarajiwa. "Mmevuka juu yake mkija. Yale mavyuma ya darajani ndiyo chasisi yake. Na ni yetu, kwa haki."

Halfani alimgeukia Farouk, akamuuliza amesikia au hakusikia, mwizi amekiri kwa mdomo wake. Farouk alimuuliza Modest ni haki gani hiyo.

Modest alieleza kama mtu anayemfundisha mtoto mjinga, huku akimtazama Halfani. Baba yake hakupewa gari, wala hakuuziwa. Aliwekeshewa, yaani alikabidhiwa alitunze, vilevile kama alivyowekeshewa ng'ombe. Alilijengea banda. Kila mwezi aliwaita vijana walisukume mbele na nyuma, magurudumu yasigande. Mwaka tisini na moja mvua ziliangusha banda, injini ikaingia matope, na panya walikuwa wameshamaliza nyaya. Baba akasema mnyama amekufa. Na ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, mtunzaji hakai kimya nyumbani kwake. Anabeba ngozi na masikio yenye alama, anampelekea mwenyewe, au mtoto wa mwenyewe, aone kwa macho kwamba mali yake haikuuzwa. Ngozi ikipokelewa, deni limekwisha, na mifupa inabaki kwa mtunzaji.

"Ngozi ililetwa Katesh," alisema Modest. "Na ilipokelewa."

Halfani alicheka. Alisema huo ni uongo wa kitoto, hakuna mtu aliyeleta chochote, na kama aliletewa marehemu, basi marehemu alikuwa kaburini tangu themanini na nane. Alisema mengi, na alikuwa angali anasema wakati Philomena alipoanza kuzungumza. Hakupaza sauti. Alingoja tu nafasi ndogo kati ya pumzi mbili za Halfani, akaingia hapo.

"Mume wangu aling'oa boneti na mlango wa buti, hizo ndizo ngozi. Vilikuwa vimefunika ghala letu baada ya mvua, vimejaa udongo na samadi. Akavipandisha kwenye punda wawili. Alitembea siku moja na nusu. Mtu anayeleta habari ya kifo cha mnyama hasemi akiwa amesimama. Anangoja aamkiwe, akalishwe chini, apewe maji, ndiyo aseme. Alifika gereji kwa mtoto wa Adamu. Ilikuwa siku ya mnada. Alisimama mpaka jua likawa juu ya kichwa."

Doto alimtazama Halfani kwa wasiwasi.

Halfani alikuwa amekumbuka. Mzee mrefu wa blanketi, punda wawili, mabati mawili mazito. Lori la mteja lilikuwa linangoja madigadi ya kukinga matope, na Katesh nzima ilikuwa haina bati nene. Alimwona yule mzee akadhani ni muuza vyuma chakavu, mshamba mwingine wa milimani. Hakumwamkia. Hakumuuliza jina. Alipima unene wa bati kwa kidole gumba, akafurahi, akasema weka pale. Akampa kilo ya sukari kama mtu anayefanya hisani, akarudi kwenye lori. Mzee aliendelea kusimama, na Halfani aliona anasimama, na ilimkera. Baadaye alipogeuka punda walikuwa hawapo, na sukari ilikuwa imeachwa juu ya jiwe. Aliwachekesha mafundi wake kwa kisa hicho wiki nzima.

Kisha alilikata bati kubwa, lile la boneti. Moto wa gesi ulibabua samadi, na chini yake ikatokea rangi ya buluu. Aliiona. Yeye aliyejisifu kwamba angeitambua Impala hata gizani kwa kuipapasa, aliiona rangi ya gari la baba yake chini ya mikono yake mwenyewe na hakujiuliza kitu. Aliendelea kukata mpaka madigadi mawili yakatoka.

"Alirudi na masikio," alisema Philomena. "Hakuamkiwa, angeyatoa vipi?"

Modest aliingia ndani akatoka na kitambaa cheusi. Alikifungua juu ya ukuta wa zizi. Zilikuwa herufi za nikeli, moja moja, zilizong'olewa kwa uangalifu bila kuvunjika hata mguu mmoja, na ukizipanga zinasoma Chevrolet. Pamoja nazo kulikuwa na kibao cha namba za gari. Farouk aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. Dharau ilimtoka usoni kwa muda, kwa kuwa pamoja na ubaya wake wote alikuwa mpenzi wa magari kwelikweli. Alinong'ona kwamba hii ni halisi.

Halfani alinyoosha mkono. Modest akazifunika kwa kitambaa.

"Hazitoki hapa. Pigeni picha."

Farouk alipiga picha. Alisema kipande kipo, kinachobaki ni shahidi aeleze mwenye gari alikuwa nani, na Mzee Adamu ataingia kwenye orodha leo hii. Halfani alimvuta pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alizungumza naye kwa upole, karibu kwa kubembeleza. Aliomba iandikwe aina, mwaka na mwenye gari, basi. Hayo mengine ni mambo ya kifamilia, hayana faida kwa kundi. Farouk alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Philomena na kumrudia ombi hilo lote, neno kwa neno, kwa sauti ya kusikika.

"Nitashuhudia yote au sishuhudii kitu," alisema Philomena. "Mume wangu ameitwa mwizi kwenye simu za watu. Wajukuu zangu wameyasoma. Yaandikwe hapohapo aliposemwa, na kwenye hilo bango lenu pia. Msipoandika, mimi sikumjua Adamu, na gari sikuliona."

Hakuna aliyemsaidia Halfani. Doto aliangalia chini. Halfani alitazama ile chasisi kule korongoni, akaona sasa kilichokuwa wazi tangu mwanzo, mikono miwili mirefu ya chuma ambayo mtu wa kazi yake alipaswa kuitambua akiwa bado garini. Angeweza kuondoka. Angerudi Katesh na kuendelea kuwa mwenye domo, na akina Margwe wangebaki wezi kwa yeyote aliyependa kuamini. Lakini baba yake naye angebaki muuza mafuta ya taa kwa chupa. Aliwachukia wote waliokuwa pale, na safari hii alijihesabu na yeye mwenyewe.

"Andika," alisema.

Farouk aliandika kwa kidole kimoja, kisha akasoma kwa sauti, polepole, kwa raha zake. Chevrolet Impala, mwaka 1962, buluu na nyeupe. Mwenye gari, Mzee Adamu wa Katesh. Mtunzaji, Mzee Margwe wa Gehandu, aliyelitunza kwa uaminifu. Boneti ilikatwa Katesh mwaka 1991 na mtoto wa mwenye gari.

"Huyo mtoto ana jina," alisema Modest.

Farouk aliinua macho, kidole juu ya simu, akingoja.

"Halfani," alisema Halfani. Ikawa haitoshi, wote walikuwa bado wanamtazama, na akajua wanachosubiri.

"Halfani Adamu."