Kinyozi Aliyekatazwa Mahindi

"Tumbo langu lina adabu kuliko mtoto wa bweni," kinyozi alimwambia mteja aliyefungwa shuka shingoni. "Nikiliambia tulia, linatulia. Tangu nitoke hospitali, kilichokatazwa hakijasogelea mdomo huu, na hakitasogea."

Wembe ulikuwa nyuma ya sikio la mteja. Kinyozi akaendelea peke yake kama kawaida. Mtaani walimwita Redio, na upasuaji haukuwa umegusa betri.

Utumbo wake ulikuwa umejisokota kama waya wa pasi, ukaziba, madaktari wakakata kipande kilichoharibika na kuunganisha kilichobaki. Kipande hicho alikisimulia kila siku, na kila siku kiliongezeka urefu. Kwa mwendo ule, kabla ya mwaka kwisha kingevuka barabara. Ambacho hakukisimulia ni namna alivyoung'ang'ania mkono wa mkewe kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, mpaka wauguzi wakambandua vidole kimoja kimoja. Kurudi mle ndani ndicho kitu pekee duniani kilichomtoa jasho.

Muuguzi wa zahanati ya jirani, mama mpole asiyependa kurudia maneno, alikuwa amewakalisha yeye na mkewe akawaeleza. Utumbo umeshonwa, alisema, na ndani bado umevimba, kwa hiyo njia ni nyembamba. Ale kidogo kidogo, mara nyingi: uji mwepesi, wali mweupe uliolainika, viazi vilivyomenywa na kupondwa, yai la kuchemsha, samaki aliyetolewa miiba, ndizi mbivu. Atafune mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Maharage, kabichi, karanga, maganda ya matunda, vya kukaanga, pilipili na soda vikae mbali kwanza. Na mahindi, akamtazama kinyozi usoni, mahindi kabisa asiyaguse, maana punje hazisagiki vizuri na zinaweza kukwama palepale penye mshono. Baadaye, akipewa ruhusa, atarudishiwa kimoja kimoja. Mkewe alikuwa fundi cherehani, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mshono mbichi hauvutwi.

Halafu ilikuja habari ya hewa. Muuguzi alisema tumbo linalotoa hewa ni tumbo lililo wazi. Likijaa, likauma kwa kukaza na kuachia, mtu akatapika, choo hakuna wala hewa hakuna, wasingoje. Tangu siku hiyo, kujamba nyumbani kwao kukawa taarifa ya habari. Mke alishonea chumba cha mbele, mgonjwa alilala cha nyuma, na kila hewa ilipotoka mgonjwa aligonga ukuta. Cherehani ilinyamaza, ikasikika "Alhamdulillah" moja ndefu, kisha ikaendelea kukereza kwa furaha.

Aliporudi kazini, mambo yaliharibika kidogo, kwa sababu chakula chake cha mchana kililetwa kibandani na shemeji yake, mdogo wa mkewe, binti asiyejua kunong'ona. Mbele ya wateja wote angeweka bakuli mezani na kuuliza, "Shemeji, taarifa ya asubuhi imesomwa, au bado tuko kwenye matangazo?"

Siku hiyo aliletewa viazi vya kuponda na yai. Akala, akafuta mdomo, akamaliza kichwa cha yule mteja. Ndipo upepo ukageuka, ukaleta harufu ya mahindi ya kuchoma kutoka ng'ambo ya barabara.

Mama muuza mahindi alikuwa ametoka safari ya kumwona mjukuu mchanga. Kinyozi akajiambia ni utovu wa adabu kutomsalimia jirani aliyepata mjukuu. Akavuka. Akakaa kwenye benchi, akavua kofia kwa heshima. Alipoulizwa habari za siku nyingi alisema nzuri tu, wala hakutaja kisu cha hospitali. Na mtu akikaa mbele ya jiko la mwenzake bila kununua, huo nao ni uungwana? Basi akachukua moja, lililopakwa ndimu na pilipili, akiapa moyoni kwamba angelitafuna mpaka liwe uji, na uji aliruhusiwa. Punje za kwanza alizitafuna kwa amri ya muuguzi. Zilizofuata alizitafuna kwa amri ya njaa.

Alikuwa nusu ya hindi alipomwona shemeji akirudi kuchukua bakuli. Akalitupia kwenye sinia, akavuka barabara kwa mwendo ambao hakuna mgonjwa aliyeruhusiwa kuwa nao.

Jua lilipoanza kulegea tumbo likajaa. Likawa gumu kama ngoma, likakaza, likaachia, likakaza tena. Alienda nyumbani ameinama, akajilaza, akangoja. Ukuta haukugongwa. Cherehani ikanyamaza yenyewe, na mkewe akasimama mlangoni na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Umekula nini?"

"Viazi vyako tu."

Hapo ndipo palipouma kuliko tumbo, kwa sababu mke alimwamini. Alikaa kitandani akaanza kujilaumu kwamba alimenya kwa haraka, kuna nguo ya watu ilikuwa inamsubiri, lazima alibakiza ganda. Kinyozi alitaka kusema, akafungua mdomo, tumbo likakaza, akaufunga. Wakamshika huku na huku, mke na shemeji, wakaenda naye zahanati. Shemeji hakutania hata mara moja njia nzima, na hilo lilimtisha kuliko yote.

Muuguzi alimlaza, akambonyeza polepole, akaweka kipimo cha kusikilizia tumboni. Akasikiliza hapa, akahamia pale. Kinyozi alitazama dari akaona mlango ule wa chumba cha upasuaji, akauona unafunguka.

"Kunja magoti," muuguzi alisema. "Geukia ukutani. Vuta pumzi."

Akageuka, akavuta pumzi.

Ikatoka. Ilianza kwa unyonge, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe, ikapata ujasiri, ikarefuka, ikapanda, ikashuka, ikatulia. Mkewe alianza kulia, kilio kikageuka kicheko akiwa katikati yake, akamkumbatia mumewe mgongoni bila kujali kilichokuwa hewani.

"Njia iko wazi," alisema muuguzi, akifungua dirisha. "Ni gesi tu." Alimpa maji ayanywe kwa funda ndogo, akamwambia atembeetembee, usiku anywe uji mwepesi na siyo kingine, na maumivu yakirudi wasingoje asubuhi. "Lakini viazi havifanyi hivi. Umekula nini kingine?"

Tumbo lilikuwa limelegea, mlango ule umefungwa, na Redio ikarudi hewani.

"Dada yangu, mimi ni mtu wa msimamo," alisema kinyozi, akikaa vizuri. "Ni viazi. Mke wangu namsamehe, ganda moja halivunji ndoa."

Mke akainamisha kichwa. Hodi ikabishwa mlangoni, akaingia mama muuza mahindi, anahema, kofia mkononi.

"Uliisahau kwenye benchi langu, Redio. Kibandani wananiambia tumbo limekushika, nikasema huyu ana njaa tu, maana alikula nusu akakimbia." Akafungua kanga kiunoni, akatoa kitu kilichofungwa kwenye maganda yake, bado kinafuka moshi. "Nimekupashia ile nusu. Na pilipili nimeongeza, ulisema mchana ilikuwa kidogo."

Muuguzi alivua miwani. Mke alilitazama hindi, akaitazama kofia, akamtazama mumewe, akaivua futi shingoni na kuanza kuizungusha mkononi taratibu.

Shemeji alinyoosha mkono, akagonga ukuta.

"Haya, Redio," alisema. "Tunasikiliza."