Bamia Mabegani mwa Mpimaji

Jumanne asubuhi, Révérienne alikuwa amechuma nusu ndoo ya bamia katika shamba lake la bondeni Katubuka, Davis alipofika na mashine yake ya kupimia viwanja.

"Shikamoo, mama," alisema, akaisimamisha kwa miguu yake mitatu katikati ya tuta. Akapima, akachimbia mawe manne ya mipaka, kisha akaandika kwenye fomu: eneo wazi, halina mtu.

Révérienne alikuwa amelima pale miaka kumi na tisa. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku huku, na kitambulisho anacho.

"Unaandika hakuna mtu, na mimi nimesimama mbele yako?"

"Kwenye ramani hupo, mama," Davis alijibu kwa upole.

Ijumaa greda likapita. Mibamia ilikuwa ndiyo kwanza inachanua, na yale maua ya njano yalizikwa mabichi. Révérienne hakulia. Alipiga magoti kwenye udongo uliofukuliwa, akaomba kwa Kirundi jambo ambalo asingethubutu kulitamka mbele ya padri.

Wiki iliyofuata mibamia iliota mabegani mwa Davis. Mkewe, Aikande, alikata mashati yake matatu ili majani yapate pa kutokea. Ofisini walimsogezea meza dirishani, kwenye jua. Bwana shamba Feliksi alikuja, akapapasa mashina, akasema yameshika vizuri.

"Bamia zichumwe kila baada ya siku mbili. Zikikomaa, mizizi inashuka."

Aikande alijaribu kwa mkono, akajaribu kwa kisu. Davis alipiga kelele mpaka majirani wakatoka, lakini hakuna hata bamia moja iliyokatika. Ndipo Feliksi alipouliza shamba lililofukuliwa lilikuwa la nani, na Révérienne akaitwa nyumbani kwa Davis.

Alikuja na ndoo yake. Bamia zilimkatikia bila shida, laini, zenye utomvu mwingi, na Davis akasinzia kwa nafuu. Alipokuja mara ya pili, kabla ya kugusa kitu, alisema:

"Andika upya. Andika kwamba nilikuwepo."

"Fomu imeshapanda juu, mama. Kiwanja kimeshapewa mtu. Hata nikiandika mia, hakuna atakayezisoma."

Révérienne akaweka ndoo chini. "Mizizi imefika wapi?"

"Mbavuni."

"Ego, sawa," alisema, akavuta kiti, akaomba chai.

Aliinywa taratibu, akiziangalia bamia zinavyorefuka na kukakamaa. Aikande alipiga magoti mbele yake.

"Mama, nakusihi. Mchumie."

"Nimchumie nani? Mimi sioni mtu hapa."

Njiani kurudi nyumbani alijikuta anaimba. Tangu siku hiyo alikwenda kila Jumanne, ndoo akiiacha nyumbani kwake. Alikaa, akanywa chai, akamtazama. Akijua Davis amelala vibaya, yeye alilala vizuri. Bamia zikawa ngumu kama kuni, zikapasuka zenyewe na kumwaga mbegu kwenye kola. Mizizi ikapita kiunoni. Baada ya bamia ikaota choya, ile ya juisi, nyekundu, shingoni; baada ya choya, pamba kifuani. Feliksi alieleza kwamba hiyo yote ni mimea ya ukoo mmoja, na ndugu wakishapata pa kukaa huitana.

Davis aliendelea na kazi. Watu waliofuata viwanja walimwamkia, wakapangusa nyuzi za pamba kwenye karatasi zao, wakaondoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima kabisa, na huko bonde la pili aliandika tena: eneo wazi, halina mtu.

Mwezi wa nane nyumba iliyojengwa juu ya lile shamba la bondeni ikaezekwa. Révérienne alisimama nje ya ukuta, akamwona Davis akimkabidhi mwenye nyumba hati yake, mgongo umepinda, pamba imepasuka nyeupe pande zote. Mwenye nyumba alimshukuru, akamtolea kiti. Davis alishindwa kukaa kwa sababu ya mizizi. Révérienne alilifurahia hilo kwa muda. Kisha mlinzi akamwomba asogee, kwa kuwa gari la mchanga lilitaka kupita.

Alishuka hadi sokoni Katonga, ziwani, kununua dagaa. Akanunua na bamia, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Zilikuwa zimekomaa. Alizipika hivyo hivyo, akazitafuna mpaka zikaisha.