Ufagio wa Bwana Deuschle

Barua ya mwenye nyumba ilikuwa fupi. Lalamiko moja zaidi kuhusu mbwa, na Volkmar Deuschle achague: mbwa au nyumba. Nyuma yake zilibanwa kurasa sita za daftari la Bibi Rapp wa mlango wa pili, mistari imepigwa kwa rula.

"Jumatatu. Saa 1:12 anaondoka. 1:13 mbwa analia. 1:20 anakwaruza mlango. 2:05 anaimba."

Mbwa huyo, Motte, hakuwa akiimba. Alikwisha kuachwa na watu wawili kabla ya Volkmar, na kila mlango ukifungwa alihesabu wa tatu.

Kwa miezi miwili Volkmar alikuwa amefuata kila neno la mwalimu wa mbwa. Alichukua funguo, akaziweka tena bila kutoka. Alivaa koti, akaketi nalo kutazama taarifa ya habari. Alitoka kwa sekunde tano, akarudi bila salamu, kama mtu aliyesahau miwani. Motte alivumilia sekunde arobaini. Ya arobaini na moja, nusu ya Stuttgart ilijua kwamba Volkmar hayupo.

Alizisoma kurasa zile mara mbili, kwa hasira. Mara ya tatu akaona kitu.

"Jumamosi. Saa 4:00 anatoka na ndoo na ufagio. Kimya. 4:50 anarudi." Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi zote, wiki moja ndiyo, wiki moja hapana.

Ilikuwa zamu yake ya kusafisha ngazi za jengo, aliyopokezana na Bibi Rapp kila wiki. Motte alijua jambo moja kuhusu ndoo: ikitoka, inarudi, na mtu wake.

Jumatatu Volkmar alibeba mkoba, ndoo na ufagio. Motte alivitazama, akapiga miayo, akalala. Volkmar akaviacha vyombo chini, karibu na baiskeli, akaenda kazini.

Jioni Bibi Rapp alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani. Juu ya kichwa chake kilining'inia kibao cha zamu, kinachotundikwa mlangoni kwa mwenye kufagia wiki hiyo.

"Bwana Deuschle, kibao kiko kwa nani wiki hii?"

"Kwako, Bibi Rapp."

"Na asubuhi umeshuka na ufagio. Mleta barua kakuona. Wa ghorofa ya tatu kakuona. Miaka thelathini na moja nafagia hapa, leo naonekana mchafu."

"Sikufagia hata ngazi moja."

"Ulishika ufagio na hukufagia? Hiyo mbaya zaidi."

Akamweleza habari ya ndoo. Bibi Rapp alisikiliza kama mkaguzi wa tiketi anavyomsikiliza aliyekamatwa bila tiketi.

"Leo amelia?" Volkmar akauliza.

Bibi Rapp alifungua daftari. Alikuwa mtu wa ugomvi, lakini uongo hakuuandika kamwe.

"Hapana. Nimekaa na kalamu mpaka saa sita. Nikadhani kafa."

"Kesho nikitoka bila ndoo atalia. Wewe utaandika, na sisi tutahama. Mimi simwachi, Bibi Rapp. Kaachwa vya kutosha."

Bibi Rapp alizitazama ngazi, kisha goti lake la kushoto, ambalo kila Jumamosi ya zamu yake lilisikika likilia mpaka kwa Volkmar. Volkmar hakuwa ameliandika popote.

"Kutoka na ufagio bila zamu haiwezekani," akasema.

"Najua."

Alikiondoa kibao mlangoni kwake, akavuka, akakitundika kwa Volkmar, akakinyoosha.

"Basi zamu ni yako. Wiki hii, ijayo, na zote. Na utafagia kweli. Mpaka pembeni."

Jumatano jioni Volkmar alikuta karatasi chini ya mlango, mistari imepigwa kwa rula.

"Saa 1:12 anaondoka na ndoo. Mbwa kimya. 1:15 kimya. 4:00 kimya. 4:02 nimekagua ngazi ya nne. Pembe ya kulia ina vumbi."

Volkmar alichukua ufagio akatoka. Motte hakuinua hata sikio.